Dawa Iliyomsubiri Mgeni Rasmi

Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa sababu jina jipya lipo tayari ila bado halijazinduliwa, hakuna kitu kinachotumika kabla hakijakatiwa utepe. Hiyo ndiyo Sheria ya Uzinduzi, na wageni wanaoicheka hawajui heshima. Daraja la bondeni lilikamilika nikiwa sijaoa. Mpaka leo watu wanavuka kwa chini, viatu mkononi, maji yakiwafika kiunoni, na wakichoka wanapumzika kwenye kivuli cha daraja. Wodi mpya ya wazazi ilipokuwa ikimsubiri mgeni rasmi, kina mama walijifungulia barazani, upande wa nje wa utepe, kwa nidhamu kubwa. Baadhi ya watoto hao sasa wanatafuta wachumba, na wodi bado inanukia rangi.

Mimi, Ambakisye, ni mtumishi wa Idara ya Itifaki na Uzinduzi, na cheo changu ni Mshika Mto. Kwenye kila uzinduzi nasimama kulia kwa utepe nikiwa nimebeba mto mwekundu wa mahameli, na juu ya mto umelazwa mkasi. Kuushika mkasi siruhusiwi, hiyo ni kazi ya mgeni rasmi peke yake. Watu hudhani kazi yangu ni rahisi. Basi na waje wasimame juani, inzi akiwatembelea puani, wakimsubiri mtu ambaye yuko njiani. Kwa faida ya wasio wenyeji nieleze kwamba kwetu, mgeni rasmi akiwa njiani, maana yake ameamka.

Mto huo aliushona mdogo wangu Sekela. Sekela ni fundi cherehani wa sare za shule, na nusu ya wanafunzi wa mji wetu wamekalia mishono yake. Ni mwepesi wa ulimi kuliko cherehani yake. Alipoanza kulalamika kwamba anachoka, sisi wote tulijua kuna jambo, kwa sababu hatukuwahi kumsikia akilisema neno hilo.

Ulikuwa uvimbe kwenye ini. Hospitali kuu ilikuwa na dawa ya uvimbe huo, tena dawa kali kwelikweli, lakini ikiingia mwilini ilizagaa kila mahali. Ilimnyonyoa nywele, ikampasua midomo, ikamfanya atapike hata maji. Ilikuwa inapiga nyumba zote za mtaa kwa sababu ya mwizi mmoja, na mwizi mwenyewe alikuwa anapata kidogo tu. Sekela akakonda mpaka gauni alilojishonea mwenyewe likamkataa.

Hapo ndipo tulipomfahamu Dakta Nyamizi. Alikuwa na maabara nyuma ya jengo la kufulia mashuka, na alikuwa na tabia mbaya ya kujibu maswali kwa ufupi. Nilimuuliza anafanya nini humo ndani.

"Natengeneza vikasha," akasema.

"Vya mbao?"

"Vya protini. Misuli yako ni protini, kucha zako ni protini, hata ute wa yai. Tunaisanifu upya ijikunje yenyewe, ishikane na nyingine, iwe kikasha chenye uwazi ndani. Humo tunaweka dawa. Nje tunaweka vishikizo vinavyozitambua seli za uvimbe. Kikasha kinapita kwenye damu kimefungwa, hakimgusi mtu. Kikifika kwenye uvimbe, kule kuna uchachu fulani, kinafunguka."

"Na nywele?"

"Nywele hazina ugomvi nacho."

Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikataka kucheka kwa furaha. Dakta akaniwahi. "Usifurahie mapema. Vikasha hivi adui yao ni joto. Vikitoka kwenye baridi vikapigwa na jua, vinafumuka, na dawa yote inamwagika. Umeshaona yai likiiva? Ute ukishakuwa mweupe, haurudi."

Alikuwa ameshavijaribu kila palipotakiwa, na wataalamu wote walikuwa wameridhika. Vichupa vilikuwa tayari ndani ya friji ya maabara, vyenye maji maangavu, kila kimoja kikiwa dozi ya mgonjwa mmoja wa wodi ya Sekela. Kilichobaki ni kitu kidogo tu, akasema Dakta, kibali. Maskini, alisomea mbali na nyumbani.

*

Kamati ya Wizara Zote iliketi. Mimi nilikuwepo ukutani na mto wangu, kwa sababu kikao chenyewe kilibidi kizinduliwe.

Wa kwanza kunyanyua mkono alikuwa mwakilishi wa Uchukuzi. Alisema kwa kuwa vikasha vinabeba mzigo kutoka mahali kwenda mahali, hivyo ni vyombo vya usafiri, na akauliza dereva ni nani.

"Havina dereva," akasema Dakta Nyamizi.

"Basi usukani uko upande gani?"

Mwakilishi wa Uhamiaji akataka kujua kikasha kinatoka kwenye damu na kuingia kwenye ini kwa ruhusa ya nani, na kama ini limearifiwa. Kisha akasimama mzee wa Usalama, ambaye kwa kawaida haongei, ila huandika. Alivua miwani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, kitu kinachojua kinakokwenda bila kuelekezwa na serikali, kina ajenda."

"Ni protini tu, mzee wangu," akasema Dakta.

"Hata wapinzani ni protini."

Ukumbi ukapiga meza. Nilimtazama Dakta. Alikuwa ameuma mdomo wa chini, na kalamu aliyokuwa ameishika ilikuwa imepinda.

Mwisho akaongea mkuu wangu wa kazi, Bwana Ponsiano, Mkurugenzi wa Itifaki. Huyu ni mtu anayevaa tai hata kwenye picha za kitanda cha hospitali. Akasema yote yaliyotangulia yana ufumbuzi, lakini kuna jambo moja la kutisha. Vikasha havionekani kwa macho. Je, mgeni rasmi atakata utepe mbele ya kitu gani? Wananchi watapigia makofi nini? Mzaha kama huo ungeweza kuiangusha nchi.

Baada ya chai, wakaafikiana. Lingejengwa sanamu la kikasha, kubwa kuliko geti la hospitali, lenye rangi za bendera. Litakuwa na mlango wenye kufuli, ili wagonjwa wawe na imani, na usukani, ili Uchukuzi waridhike. Dawa yenyewe nayo itakaa mezani mbele ya sanamu, kwa sababu mgeni rasmi hawezi kuzindua kisichokuwepo. Na mpaka siku hiyo, atakayemchoma mgonjwa sindano ya vikasha atakuwa amehujumu taifa.

"Wagonjwa wanaweza wasifike siku hiyo," akasema Dakta Nyamizi.

"Watatumiwa mwaliko," akajibu Bwana Ponsiano.

*

Sanamu lilikamilika upesi, maana kwenye kujenga visivyotumika sisi hatuna mpinzani. Mgeni rasmi ndiye aliyekuwa na mambo mengi. Kwanza alikuwa ng'ambo, akizindua urafiki. Aliporudi alikuwa na uzinduzi wa picha yake mpya. Halafu tarehe ikapangwa, ikafutwa, ikapangwa tena, ikaangukia siku ambayo fundi wake wa suti alikuwa amefiwa. Kila mara mahema yalifungwa, yakafunguliwa, na wahudumu wa meza kuu wakala wenyewe keki.

Nilikasirika. Kwa mtumishi wa umma hasira ni kosa la kinidhamu, kwa hiyo nilikuwa nakasirikia nyumbani. Nilikuwa nikirudi kutoka kazini nakaa na viatu, naikodolea macho friji yetu, nawaza ile nyingine, hospitalini, yenye uzima wa mdogo wangu ndani, umefungiwa na mlango ambao hata mtoto angeuvuta.

Siku moja nilimpelekea Sekela mto aurekebishe mshono wa pembeni, nikausahau mkasi juu yake. Kwenye kitanda cha jirani alilazwa Bibi Sikujua, mama mtu mzima aliyewahi kuuza vitumbua mbele ya wizara tatu na kufukuzwa na zote. Naye alikuwa anasubiri kichupa chake.

Sekela aliuchukua mkasi, akaujaribu kwenye ukingo wa shuka. Ukatafuna tu.

"Kaka, hiki ni nini?"

"Mkasi wa Taifa."

"Haukati hata ugali! Sasa waheshimiwa wanakataje?"

Ilibidi nimwambie siri ya kazi. Mheshimiwa husokota mkasi huku na huku, na Bwana Ponsiano huvuta utepe kwa nyuma mpaka ukatike.

Bibi Sikujua alicheka mpaka akakohoa. "Basi hata kukata hawakati!"

Sekela hakucheka. Alikigeuza kikombe chake cha chai juu chini, akaanza kuunoa mkasi kwenye kitako chake, pole pole, akipumzika kila baada ya mikwaruzo michache kwa sababu mikono haikuwa na nguvu. Nilimwambia aache. Akaniambia nyamaza, kitu pekee ambacho bado anakiweza ni hiki. Alipomaliza, mkasi ulipita kwenye uzi bila sauti.

"Haya," akasema. "Wakija, wasije wakasingizia mkasi."

*

Siku ikafika. Mahema, viti, matarumbeta, vikundi vya ngoma, na lile sanamu katikati ya uwanja wa hospitali likiwa limekodoa usukani. Asubuhi ile ile friji ya maabara iliondolewa na kupelekwa meza kuu, kwa sababu mgeni rasmi hanywi soda ya moto.

Dakta Nyamizi alikuja akikimbia. "Hiyo friji ni ya dawa!"

"Dakta," akasema Bwana Ponsiano kwa upole, "dawa haina cheo."

Dakta akavihamishia vichupa kwenye deli lenye barafu. Hilo nalo likakataliwa. Mheshimiwa akiona deli, alieleza Bwana Ponsiano, atadhani tunauza aiskrimu. Kikosi cha Utangulizi kilikuwa kimeshafika, na kwa itifaki lazima kikague meza kama mheshimiwa atakavyoiona, na kikishakagua hakuna anayeruhusiwa kugusa kitu. Basi vichupa vikapangwa mstari juu ya kitambaa cheupe, kati ya maua ya plastiki, jua likiwa limeshapanda. Hema la meza ya dawa halikuwepo. Hema lilikuwa la watu.

"Mheshimiwa yuko njiani!" akatangaza mshereheshaji.

Dakta alikuwa nyuma ya kamba, askari wawili wamemziba kwa vifua vyao, na alikuwa ananiita mimi, si kwa cheo, kwa jina.

"Ambakisye! Viangalie vichupa! Vinaingia ukungu!"

Niliangalia. Cha katikati kilikuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Wodi ya Sekela ilikuwa ghorofani, ikitazama uwanja, na dirishani niliona vichwa viwili, chake na cha Bibi Sikujua, vyote bila nywele, vikitazama chini.

Mahali pangu pa kusimama pamechorwa kwa chokaa na siruhusiwi kutoka. Nilichoweza kufanya nilikifanya. Niliuinamisha mto kidogo kushoto, mpaka kivuli chake kikafika kwenye ukingo wa meza. Kilitosha kichupa kimoja, kile cha mwisho. Nilijaribu kuunyoosha mto uvifikie na vingine, ukakataa, nao mkasi ukaanza kuteleza.

Mshereheshaji alikuwa anasoma sifa za mgeni ili kutupotezea muda. Alimwita Baba wa Madaraja Yajayo, Daktari wa Madaktari, Mfunguzi wa Vilivyofungwa. Akasema ulimwengu mzima unatuonea gere. Kikosi cha Utangulizi kikapiga makofi, wanakwaya wakaitikia, na kichupa cha pili kutoka mwisho kikawa cheupe machoni pangu, hivi hivi naona.

Sikupanga. Mkono wa kulia ulitoka chini ya mto, ukauchukua mkasi wa Taifa, ukaupeleka kwenye utepe. Mkono wa kushoto ulibaki na mto pale pale, kivuli kisihame. Utepe haukutafunwa. Ulikatika mara moja, vipande viwili, vikaanguka.

Sasa, wapiga matarumbeta wa Idara wana agizo moja tu maishani, kwamba utepe ukianguka wapige. Wakapiga. Watu wakasikia matarumbeta, wakapiga vigelegele. Askari wakasikia vigelegele, wakatoa saluti, na mtu mwenye mkono kwenye paji la uso hawezi kumzuia daktari. Dakta Nyamizi alipita katikati yao, akafika mezani, akaviinua vichupa kimoja kimoja kwenye mwanga na kuvirudisha. Alipofika kile cha mwisho hakukirudisha. Alikitia kwenye deli alilokuwa amelibeba, akakimbia nalo ndani.

"Rudisheni!" alikuwa anapiga kelele Bwana Ponsiano akiwa ameshika vipande vya utepe. "Rudisheni kila kitu kama kilivyokuwa!"

*

Yaliyotokea wodini nilisimuliwa na Sekela. Dakta alisimama katikati ya vitanda na kichupa kimoja, akiwatazama mmoja mmoja. Wagonjwa wale walikuwa wengi. Wengine waliangalia ukuta. Bibi Sikujua ndiye aliyesema.

"Mchome fundi. Ana sare za watoto wa watu hajamaliza, na shule zinafunguliwa. Sisi utatutengenezea vingine."

"Bibi, mimi sitaki cha kupewa hivyo," akasema Sekela.

"Nani amekuuliza wewe? Toa mkono."

Mheshimiwa aliwasili jioni. Utepe ulikuwa umeshafungwa fundo, na Bwana Ponsiano alishika mto mwenyewe. Mheshimiwa alikata, akauzungusha usukani, akanyanyua kichupa kimoja kati ya vilivyoachwa mezani na kukitikisa.

"Nilielezwa hii dawa haionekani."

"Ilikuwa haionekani, Mheshimiwa," akasema Bwana Ponsiano, sauti ikitetemeka kwa fahari. "Lakini kwa uongozi wako, sasa inaonekana."

Picha hiyo ilitoka kwenye magazeti yote, ukurasa wa mbele.

Matatizo ya kisheria yakafuata, na Kamati ikaketi tena. Iliamua kwamba dawa rasmi ya nchi ni ile nyeupe, kwa kuwa ndiyo iliyozinduliwa. Dakta Nyamizi akaamriwa awachome wagonjwa waliobaki. Akasema hiyo si dawa tena, ni sumu iliyotoka kwenye kifungo, na hatamchoma nayo hata mbuzi. Akaomba apewe nafasi atengeneze nyingine.

"Dawa imeshazinduliwa," wakamjibu. "Nyingine ya nini?"

Wakamhamishia kwenye josho la ng'ombe, wilaya ya mpakani. Mimi nilinyang'anywa mto na kushtakiwa kwa kukata utepe bila wadhifa, kesi ambayo bado inaendelea. Hayo nayasema bila kinyongo. Uongo. Nayasema kwa kinyongo kikubwa.

Sekela naye alianza kupona. Alikula, akaomba pilipili, akagombana na wauguzi kuhusu mishono ya mapazia. Nywele zikachomoza. Uvimbe ulisinyaa kwenye kila kipimo, na kila kipimo kiliiudhi Kamati zaidi. Alikuwa amechomwa dawa ambayo kisheria haijulikani, kwa hiyo kupona kwake hakukuwa kumetokea. Kungekubalika kwa njia moja tu, nayo ni kuzinduliwa. Wakafunga utepe kwenye mlango wa wodi, wakaweka askari, wakamwambia asitoke kitandani mpaka mgeni rasmi aje aipokee afya yake.

"Anakuja lini?" akauliza.

"Yuko njiani, dada."

Akasubiri. Kwenye kitanda cha jirani, Bibi Sikujua alikuwa anapungua kila siku, mikono imekuwa myepesi, lakini ulimi haukupungua. Alikuwa akimwelekeza Sekela namna ya kuumua unga wa vitumbua. Alikuwa anauliza kama Dakta amerudi. Walimwambia bado. Halafu ikawa haulizi. Alifariki asubuhi moja akiwa ameshikwa mkono, na mwili wake ulitolewa kwa mlango wa nyuma, wa taka, kwa sababu wa mbele ulikuwa na utepe.

Mazishi yalikuwa mchana wa siku iliyofuata. Sekela alivaa gauni lake, ambalo sasa lilikuwa limeanza kumkubali, akafunga kanga, akaja mpaka mlangoni.

"Subiri kuzinduliwa, dada," akasema askari.

Sekela akafungua mkoba, akatoa mkasi wake wa kazi, ule mrefu wa kukatia kitambaa cha kaki. Sikuwepo, lakini nilisikia matarumbeta. Wapigaji walikuwa wamewekwa chini ya ngazi wakisinzia tangu siku utepe ulipofungwa, na walipouona unaanguka waliinuka wakapiga. Alipita mbele yao bila kugeuka.

Makaburini tulikuwa wachache, ndugu wawili wa marehemu, wanawake wa vitumbua, mimi na Sekela. Alichukua koleo akafukia kwa zamu yake kama mwanamume, na hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike. Tulikuwa tunaweka udongo wa mwisho ndipo Bwana Ponsiano alipofika, jasho kwenye tai, na nyuma yake vijana wawili wakiwa na vigingi na utepe uliovingirishwa.

"Simameni!" akasema. "Simameni hapo hapo. Hili kaburi ni jipya."

Sekela akamwaga koleo jingine la udongo.

"Sheria ni sheria, jamani. Mheshimiwa amesikitika sana, na ameamua kuja mwenyewe. Yuko njiani."

Sekela alilisimika koleo kwenye udongo, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mwambie ageuze gari," akasema. "Tumeshalitumia."